Kamari Iliyovikwa Vazi la Elimu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyetuhalalishia vilivyo vizuri na kutuharimishia vilivyo vibaya. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Enyi Waislamu mliohudhuria hapa, nanyi mnaotusikiliza majumbani, mabwenini na madukani,

Kila mwaka, mwezi wa Agosti unapokaribia kwisha, vyuo vikuu vya Marekani hufungua msimu wa mchezo wao wa mpira. Mpira huo si huu tuujuao sisi. Wao huushika kwa mikono zaidi kuliko kuupiga kwa miguu, na umbo lake limechongoka ncha mbili. Wachezaji ni wanafunzi, vijana ambao wengi wao wamo baina ya miaka 18 na 22, na viwanja vya baadhi ya vyuo hivyo huingiza watu zaidi ya laki moja. Katika hayo hatuoni la kulaumu. Kijana kujizoeza nguvu, na jamaa zake kwenda kumtazama, ni katika mambo ambayo sheria yetu imewaachia watu. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), na alipigana mweleka na Rukana akamwangusha. Tunalotaka kulizungumza leo ni kitu kingine, kilichougandama mchezo huo kama kupe alivyomgandama ng'ombe.

Imetufikia barua ya kijana wetu mmoja anayesoma katika jimbo la Ohio. Jina lake hatutalitaja, wala la chuo chake. Kijana huyu anasomea takwimu, yaani elimu ya hesabu za mambo yanayotokea na yanayotazamiwa kutokea. Anasema kwamba katika nyumba anayokaa na wenzake, tangu Agosti inapoingia hakuna mazungumzo ila ya mechi ya kwanza ya msimu. Wala hawaulizani ni nani atakayeshinda. Wanaulizana, "Wewe umechukua upande gani?" Wenzake walimwomba awafanyie hesabu kwa elimu yake, akafanya. Halafu wakamwambia naye aweke dau. Kwa kuwa hajatimia miaka 21, ambayo ndiyo iliyowekwa na sheria ya Ohio kwa mwenye kucheza kamari ya michezo, aliweka kwa simu ya mwenzake aliyetimia. Akapata. Akaweka tena, akapata. Katika majuma ya mwanzo wa msimu alikusanya fedha, akamtumia mama yake dola 300. Mama akanunua mabati akaezeka chumba cha uani, na kila sala anamwombea mwanawe.

Sasa kijana anatuuliza mambo matatu. Je, hii ni kamari, na hali yeye hakutegemea bahati bali elimu? Je, fedha alizompelekea mama yake zina hukumu gani? Na je, imempasa kuihama nyumba ile, au aondoke wenzake wanapokaa kutazama mpira?

Hatukulikusudia somo hili kwa ajili ya mtu mmoja tu. Tunajua kwamba wako wengi kama yeye, huko aliko na hapa kwetu, ambapo vijana huita karatasi zao za kamari "mikeka", na nyingine kati ya mikeka hiyo hufumwa kwa kanuni hii hii ya kuipa timu dhaifu magoli ya bure kabla mchezo haujaanza.

Ili tutoe jibu, kwanza tulifahamu jambo lenyewe, kwani wanavyuoni wamesema kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Tuseme timu ya chuo chenye nguvu inakutana na timu ya chuo dhaifu. Kama watu wangealikwa tu kubashiri mshindi, wote wangeuchukua upande wa mwenye nguvu, na mchezesha kamari angefilisika au asingepata mteja wa upande wa pili. Kwa hiyo yeye huweka pengo la pointi. Husema: mwenye nguvu tunamhesabia kuwa ameshinda ikiwa tu atamzidi mwenzake kwa zaidi ya pointi 10, na aliyemchukua dhaifu atapata fedha hata dhaifu akishindwa, maadamu hakushindwa kwa zaidi ya pointi hizo. Mara nyingi huongeza nusu ya pointi, na hali katika mchezo wenyewe hakuna nusu, ili pasitokee sare na kila dau lipate wa kulia na wa kucheka. Watu wengi wakikimbilia upande mmoja, hulisogeza pengo mpaka upande wa pili nao upendeze.

Wengi humnasibishia uvumbuzi wa pengo hili mtu wa Chicago aitwaye Charles McNeil, katika miaka ya 1940. Naye, tena tutaje hili kwa sababu ya kijana wetu, alikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kuingia katika kamari.

Na ujira wa mchezesha uko wapi? Uko katika bei. Anayetaka kupata dola 100 hutakiwa kuweka dola 110. Mmoja akiweka 110 upande huu na mwingine 110 upande ule, mezani pana 220. Mshindi huondoka na 210, yaani zake 110 na faida 100. Dola 10 zimebaki kwa mwenye meza, ambaye hakujali nani ameshinda. Mtu akicheza hivyo mara kumi, akapata tano na akakosa tano, ameingiza 500 na ametoa 550. Ili asipate wala asipoteze, yampasa apatie zaidi ya mara 52 katika kila 100, si juma moja wala mawili, bali msimu hata msimu. Kijana wetu anaijua hesabu hii vizuri kuliko sisi. Tunamwomba aifanye tena, safari hii asiwafanyie wenzake, aifanyie nafsi yake.

Tuiangalie sasa hoja yake ya elimu, maana ndiyo iliyo ngumu, na tusiipuuze. Ni kweli kwamba yeye hakurusha dadu. Amesoma habari za wachezaji, majeruhi, hali ya hewa na mechi za miaka iliyopita. Lakini alitazame pengo lile na sababu ya kuwekwa kwake. Mambo yote anayoyajua mtazamaji mwerevu, mwenye kuweka pengo ameyajua kabla yake, au ameambiwa na fedha za wale waliotangulia kuweka madau. Ameyachukua akayatia ndani ya namba moja. Namba hiyo inatafutwa kwa makusudi mahali ambapo elimu ya watu imekwisha, upande huu uwe sawa na upande ule kama pande mbili za shilingi. Kilichobaki baada ya hapo ni kile ambacho hakuna aliyekijua: mpira ulioponyoka mkononi, upepo, kijana wa miaka 19 aliyelala vibaya.

Na mechi ya kwanza ya msimu ndiyo yenye giza kuliko zote. Timu haijacheza tangu majira ya baridi. Wakubwa wamehitimu. Tangu mwaka 2021, sheria zilipolegezwa, wachezaji wengi huhama kutoka chuo hiki kwenda kile, hata timu ikawa na jina la mwaka jana na watu wengine kabisa.

Tarehe 24 Agosti 2024, timu ya Florida State ilifungua msimu kwa kucheza na Georgia Tech katika mji wa Dublin, nchini Ireland. Florida State ilikuwa imewekwa ya 10 katika nchi nzima, na wachezesha kamari waliipa pengo la kiasi cha pointi 10. Georgia Tech ikashinda 24 kwa 21, kwa mpira uliopigwa katika sekunde za mwisho. Timu ile iliyosifiwa ikamaliza mwaka huo na ushindi wa mechi 2 na kushindwa mara 10. Waliojifunza somo hilo wakangoja mwaka uliofuata. Tarehe 30 Agosti 2025 Florida State ikafungua msimu na Alabama, na safari hii ikahesabiwa ndiyo dhaifu kwa kiasi cha pointi 13. Ikaishinda Alabama 31 kwa 17. Mwaka mmoja ilisifiwa ikaanguka, mwaka wa pili ikadharauliwa ikasimama. Mara zote mbili palikuwa na watu wenye elimu ya takwimu katika kila upande wa dau, nao hawakuwa wajinga.

Hata hivyo hatutaki kuijenga hukumu juu ya hasara peke yake. Wapo watu wachache ambao, kwa akili na subira, hupata fedha katika jambo hili miaka mingi. Kama kamari ingeharimishwa kwa sababu ya kupoteza tu, basi watu hao ingewahalalikia, na kijana wetu aliyeshinda angekuwa na hoja. Maulamaa wetu wametazama mahali pengine. Wamesema kwamba kamari ni ule mkataba ambao kila aliyeingia ndani yake amesimama baina ya kuchukua mali ya mwenzake na kuchukuliwa yake, bila ya kumuuzia kitu, wala kumfanyia kazi, wala kumpa zawadi kwa ridhaa ya moyo. Mfanyabiashara naye yuko baina ya faida na hasara, lakini aliyempa fedha ameondoka na kitambaa au mchele. Aliyempa fedha mwenye dau ameondoka na nini? Elimu ya mshindi inaweza kueleza jinsi alivyoipata mali ile. Haiwezi kuigeuza ikawa bei ya kitu.

Mtume (S.A.W.) aliacha mlango kwa zawadi za mashindano katika ngamia, farasi na mishale, kwa kuwa hayo yalikuwa maandalizi ya kuihami dini na watu wake. Na hata hapo, wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii walishika ukali: zawadi itolewe na kiongozi, au na mtu wa nje, au na mmoja tu wa washindani, wakitoa wote wawili, basi aingie wa tatu asiyetoa kitu, ili mashindano yasigeuke kamari. Kama washindani wenyewe, walio juu ya farasi, wamewekewa mipaka hiyo, itakuwaje kwa yule aliyekaa kitini na simu mkononi, ambaye hakupanda farasi wala hakutupa mshale?

Wanafunzi wengine, khasa waliosoma kidogo vitabu vya sira, hutuletea kisa cha Seyyidna Abu Bakr (R.A.). Waajemi walipowashinda Warumi, makafiri wa Makka walifurahi, na Mwenyezi Mungu akateremsha mwanzo wa Suratur Rum kutoa habari kwamba Warumi watashinda baada ya miaka michache. Abu Bakr akawekeana dau na washirikina juu ya habari hiyo, na ikawa kama ilivyosemwa. Kisa hiki ni cha kweli, na Imamu Tirmidhi amekipokea. Lakini katika riwaya hiyo hiyo imeelezwa kwamba ilikuwa kabla ya kuharimishwa kuwekeana dau, na katika baadhi ya riwaya nyingine Mtume (S.A.W.) alimwamrisha aitoe sadaka mali ile. Tena tuangalie: Abu Bakr alikuwa na ahadi ya Mjuzi wa ghaibu. Mwenzetu wa Ohio ana jedwali la majeruhi.

Enyi ndugu, kuna jambo jingine ambalo twalisikia sana siku hizi, nalo ni kwamba kamari hii ina manufaa. Kwa muda mrefu serikali ya Marekani iliizuia katika majimbo mengi kwa sheria ya mwaka 1992. Mahakama yao kuu ikaitangua sheria hiyo tarehe 14 Mei 2018, na tangu hapo zaidi ya majimbo 30 yameifungulia milango. Ohio iliifungua tarehe 1 Januari 2023. Serikali ya jimbo hutoza kodi, na sehemu kubwa ya kodi hiyo hupelekwa katika elimu ya watoto. Basi husemwa: mbona mnalaani jambo linalojenga madarasa?

Jibu la hoja hii ni la zamani kuliko Marekani yenyewe. Waarabu wa zama za ujahili walikuwa na kamari yao ya mishale. Walikuwa wakimchinja ngamia, wakamgawanya mafungu, kisha wakapiga kura kwa mishale 10. Mishale 7 ilikuwa na mafungu na mishale 3 ilikuwa mitupu. Aliyetokewa na mshale mtupu alilipa bei ya ngamia asile hata kipande. Na waliopata nyama, je, waliila? Desturi yao ilikuwa kuwapa maskini, khasa wakati wa baridi na njaa, na kujifakhirisha kwa ukarimu huo, wakimcheka mtu bakhili asiyeingia katika kamari. Kwa hiyo kamari ya kwanza iliyotajwa katika Kitabu chetu ilikuwa ikilisha wenye njaa. Mwenyezi Mungu hakukanusha hilo. Katika Suratul Baqara amekiri kwamba katika ulevi na kamari mna manufaa kwa watu, kisha akaeleza kwamba dhambi zake ni kubwa kuliko manufaa yake. Halafu katika Suratul Maida akaiweka kamari safu moja na ulevi, masanamu na mishale ya kupigia ramli, akaamrisha iepukwe. Yule maskini wa jangwani alikosa nyama ile, na bado hukumu haikubadilika. Badala yake akawekewa Zaka, ambayo humfikia bila ya mtu yeyote kufilisika kwanza.

Katika aya inayofuatia hiyo ya Suratul Maida imetajwa sababu, nayo ni kwamba shetani anataka kutia uadui na chuki baina ya watu, na kuwazuia wasimkumbuke Mola wao na wasisali. Mtu aweza kudhani uadui huo ni baina ya wawekeanao dau tu. Pengo la pointi limeupeleka mpaka kwa wachezaji, ambao hawakuweka chochote.

Fikirini, enyi wazazi. Timu inaongoza kwa pointi 12 na dakika ni ya mwisho. Mchezo umekwisha, kilichobaki ni kuushika mpira na kungoja filimbi. Kijana mmoja anauachia mpira, timu dhaifu inapata pointi 7 zisizobadilisha kitu. Chuo chake kimeshinda, mwalimu wake anampa mkono, mama yake anafurahi. Lakini pengo lilikuwa pointi 10, na sasa wameshinda kwa 5. Watu ambao hajapata kuwaona wamepoteza fedha kwa ajili yake, na usiku huo huo humwandikia matusi na vitisho katika simu yake. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, kimelalamika hadharani juu ya matusi hayo, na mwezi wa Machi 2024 mkuu wake, Charlie Baker, aliyataka majimbo yakataze madau yanayowekwa juu ya mchezaji mmoja mmoja wa chuo. Ohio ilikwisha kuyakataza wakati huo.

Na kuna shari nyingine iliyofichika zaidi. Zamani, aliyetaka kumnunua mchezaji ilimlazimu amwombe ashindwe, na kushindwa ni jambo zito. Mchezaji anawaona wenzake wanalia. Pengo la pointi limemrahisishia mlanguzi maneno. Humwambia kijana: "Sikutaki ushindwe. Shinda, lakini usishinde kwa wingi." Mwaka 1951 mji wa New York ulizizima kwa habari hizo. Chuo cha City College cha mji huo, ambacho wakati ule hakikutoza ada na kilisomesha watoto wa watu wa kipato kidogo, kilikuwa kimechukua mashindano makubwa yote mawili ya mpira wa kikapu katika mwaka 1950, jambo ambalo halijafanywa na chuo kingine. Mwaka uliofuata wachezaji wake wakakamatwa kwa kuchukua fedha wapunguze pointi, na uchunguzi ukaenea ukagusa vyuo 7. Vijana wale hawakuwa majambazi. Walikuwa wanafunzi walioambiwa kwamba hawamdhuru mtu. Wala msidhani ni habari za zamani tu: Septemba 2025 NCAA iliwafungia wachezaji 3 wa mpira wa kikapu wa vyuo 2 vya California wasicheze tena katika michezo ya vyuo, kwa mambo ya kamari.

Aliyeweka dola 20 bwenini atasema, "Mimi sikumnunua mchezaji." Ni kweli hakumnunua. Lakini fedha za kumnunulia mchezaji hutoka katika soko, na soko ni yeye na mfano wake.

Tumrudie mwenye barua. Swali la kwanza amekwisha jibiwa: ni kamari, na elimu haikuiondoa katika jina hilo. Tena kuna jambo ambalo hakuliuliza nasi hatuwezi kulinyamazia, nalo ni simu ya mwenzake. Ameishi katika nchi ya watu kwa ruhusa yao, na ruhusa hiyo ni ahadi. Kuweka dau kwa jina la mtu mwingine ili kukwepa sharti la umri ni udanganyifu, na ungekuwa udanganyifu hata kama jambo lenyewe lingekuwa halali. Mwenzake naye yumo hatarini pamoja naye.

Swali la pili ndilo lililotuumiza, kwa sababu ya yule mama. Tunasema hivi. Mama hana dhambi. Alipokea kwa mwanawe aliye masomoni, hakujua, na hakupaswa kumpeleleza. Dua zake haziendi bure, na mabati yasibanduliwe. Deni la jambo hili liko shingoni kwa mwana. Mali aliyoipata kwa kamari hakuimiliki kwa haki, na wenye mali hiyo hawajulikani, kwani imepita katika mikono ya wachezesha ikachanganyika. Imamu Nawawi katika Al-Majmu, akinukuu kwa Imamu Ghazali, ameeleza kwamba mali ya haramu ambayo mwenyewe hajulikani hutolewa katika maslaha ya Waislamu wote, au hupewa mafakiri. Basi atoe kiasi kile chote alichopata, si zile 300 tu, katika fedha zake za halali, kidogo kidogo kwa uwezo wake, akiwa na nia ya kujivua, wala asitazamie thawabu za sadaka, kwani mtu hatoi sadaka ya kisichokuwa chake. Akiwa yeye mwenyewe ni fakiri hana cha kula, wanavyuoni hao wamemruhusu kubakiwa na kadiri ya dharura yake. Amwandikie mama au asimwandikie? Sisi twaona asimwandikie sasa. Kumvunja moyo mzee juu ya paa lake hakumrejeshei mtu dola moja. Amtumie, kwa jasho lake, hata dola 10, mama ajue kwamba kheri haijakatika.

Wala asikate tamaa. Mtume (S.A.W.) ametuelekeza kwamba hata yule aliyemwambia mwenzake "njoo tucheze kamari", kwa neno hilo tu, atoe sadaka, na maana yake ni kwamba mlango wa kutengeneza uko wazi.

Kuhusu wenzake wa nyumbani, hatumwamrishi ahame. Ni vijana waliomsitiri katika nchi ya ugeni, na pengine wema wao ni mwingi. Kuwatazama wanafunzi wa chuo chake wakicheza ni jambo la mubaha. Asiwafanyie hesabu tena, kwani kusaidia ni kushiriki. Awaambie waziwazi, kwa upole, kwamba dini yake inamkataza, nasi tumesikia kwamba vijana wa huko huliheshimu neno kama hilo kuliko udhuru wa uongo. Pindi mazungumzo yanapogeuka kuwa ya madau, ainuke akapike chai.

Liko jambo dogo la mwisho, nalo huwapata wengi. Mechi nyingi huanza saa sita mchana siku ya Jumamosi, nazo huchukua zaidi ya saa tatu. Katika miji ya Ohio, siku hizo za mwisho wa Agosti, Adhuhuri huingia karibu na saa saba na nusu kwa saa zao, mchezo ukiwa katikati. Kuna mapumziko ya kama dakika 20 baina ya nusu mbili, na uwani mwa uwanja au chumbani mwake hakosi mahali pa kutandika mswala. Wakati wenzake wanapohesabu pointi zilizobaki, yeye atakuwa amekwisha sali.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.